Rangi Mpya, Mbao Kuukuu



Mwezi wa Aprili mwaka 1840, Sultana, merikebu ya Sayyid Said bin Sultan, ilitia nanga New York, na ndani yake mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, pamoja na shehena ya tende, kahawa na pembe za ndovu. Safari ndefu ilikuwa imeichakaza. Serikali ya Marekani ikaitengeneza bila ya malipo katika karakana yake ya Brooklyn, na mwaka haukwisha ila imesharejea Unguja. Matengenezo yake hayakuwa siri: waliosafiri nayo walijua iliharibika na wakajua imetengenezwa.

Ndivyo kazi hiyo ifanywavyo na mafundi waaminifu wa pwani yetu. Chombo hupandishwa mchangani, ubao ukagongwa ili sauti yake isikike, uliooza ukang'olewa mpaka kwenye mataruma na kutiwa mzima. Kisha nyufa hutiwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta. Rangi huja mwisho. Anayeitanguliza rangi juu ya ubao uliooza, kisha akakinadi chombo, hakukitengeneza bali amekificha. Na watakaozama nacho huenda wasiwe wale waliopatana bei.

Kibera na Kawangware hakuna bahari, lakini Kiswahili chetu hukiita chombo kile cha safari na kile cha jikoni pia. Jamaa zetu wengi walioko huko Nairobi hununua jiko la gesi, friji au cherehani iliyokwisha kutumika, kwa sababu mpya haimudiki. Hilo halina aibu. Hatari iko katika mpira wa gesi uliopasuka, ukafungwa utepe na kusafishwa ung'ae. Pale ambapo nyumba na nyumba hutenganishwa na bati tu, moto wa jiko moja huweza kuteketeza safu nzima. Watoto wa jirani hawakuwapo kwenye mapatano.

Imepokewa kwamba sahaba Wathila bin al-Asqa, radhi za Allah zimshukie, alimfuata mtu aliyekwisha kununua ngamia, akamwuliza kama amemtaka kwa nyama au kwa safari. Aliposikia ni kwa safari, alimweleza kwamba ukwato wa ngamia huyo una tundu. Muuzaji alipolalamika kuwa anaharibiwa biashara, Wathila alimjibu kwa mafundisho ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam: muuzaji hahalalikiwi kuificha ila, wala anayeijua kunyamaza. Basi fundi aliyelifunga jiko naye ana jukumu, hata kama hakuliuza yeye.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, mnunuzi akigundua ila iliyokuwapo kabla ya mauzo ana hiari ya kukirudisha chombo, mradi afanye haraka na asiendelee kukitumia. Wala muuzaji haokolewi na kauli ya "nimekuuzia kama kilivyo" ikiwa ila aliijua.

Lakini tuseme kweli: mama anayeuza jiko lake ili alipe karo ana dhiki, na dhiki hiyo ndiyo humshawishi anyamaze. Kutaja ila kutampunguzia bei leo. Hata hivyo, kuna njia ya kupunguza hasara: abadilishe mpira kabla ya kuuza, aoneshe ulipobadilishwa, na adai bei ya kazi hiyo. Matengenezo yaliyo wazi yana thamani yake, na pesa zake zina baraka.

Nawe mnunuzi, kabla ya kuulizia bei uliza nini kilivunjika, nani alitengeneza na kipi kimebadilishwa. Kiangalie kikifanya kazi. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira. Yakitoa mapovu, gesi inavuja. Andikeni ila zilizotajwa kwenye karatasi, mbele ya shahidi, kwani Qur'ani katika Suratul Baqara imetuamrisha kuweka mashahidi tunapouziana.

Allah atujaalie kuwa wauzaji wanaobainisha na wanunuzi wasiodhulumu, na azihifadhi nyumba zetu, za pwani na za bara. Amin. Wabillahi tawfiq.