TUSINGOJEE MATANGA

Ndugu msomaji, mzee akifariki huku kwetu husomwa mwaka wa kuzaliwa, majina ya watoto na idadi ya wajukuu. Basi! Mimi nasema hesabu hiyo haitoshi.

Guka wetu tulimzika hivyo hivyo, kijijini karibu na Thika. Hakuna aliyetaja kwamba ujanani alichuma kahawa ya mlowezi kule Ruiru, huku serikali ya kikoloni ikiwanyima watu wa kwao ruhusa ya kupanda yao wenyewe. Ruhusa ilipoanza kutolewa kwa wingi, baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, akapanda. Bei ilipopaa 1976 na 1977, kwa sababu baridi kali ya 1975 iliunguza mibuni ya Brazili, akalipa karo ya watoto wote. Kisha mwaka wa 1985 watafiti wakatoa Ruiru 11, aina inayostahimili magonjwa. Akiwa mzee tayari, aling'oa mibuni iliyougua akaanza upya.

Haya yote niliambiwa na nyanya baada ya mazishi. Mimi kila likizo nilimkuta guka na jembe, nikamsalimu, nikapita zangu!

Sasa jamaa wanataka shamba lijengwe vyumba vya kupangisha, kama Ruiru. Sisemi wasijenge. Lakini jameni, tutajuaje thamani ya shamba ikiwa hatujui lililimwaje?

Achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Likizo hii, mwenzangu, keti na mzee wako, umwulize alifanya kazi gani, na kwa nani. Chukua daftari, uandike.