Motokaa na Mwenyewe: Bushi za Bomba la Moshi

Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1963, motokaa 84 zilianza safari na 7 tu ndizo zilizofika mwisho. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 404, iliyoendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff. Tangu hapo 404 ilipendwa sana Kenya, na hata leo wako waitunzao kama mtu atunzavyo ng'ombe wa urithi. Injini yake ni yenye kuvumilia. Lakini motokaa ya umri huo huangushwa na vitu vidogo, na katika hivyo hakuna kinachodharauliwa kama bushi za raba zishikazo bomba la moshi.

Bomba hilo limefungwa imara mahali pamoja tu, yaani kwenye injini. Injini nayo imekaa juu ya raba, na kila iwashwapo hutikisika, na bomba hutikisika pamoja nayo, hali bodi ya motokaa imetulia. Kati ya kitu kichezacho na kitu kisichocheza huwekwa vishikio vya chuma vyenye bushi za raba, nazo ndizo zimezazo mtikisiko. Joto, mafuta yadondokayo na miaka huifanya raba kuwa ngumu kama pembe. Hupasuka, kisha huanguka vipande vipande, na chuma hugonga chuma.

Hapo ndipo waya uletwapo. Bomba hufungwa kwa waya, kelele hukoma, na mwenye motokaa hufurahi kwamba ameokoa fedha. Lakini waya haunyumbuki. Mtikisiko hupanda na bomba mpaka penye kiungo cha injini, na baada ya safari kadhaa za barabara ya matuta bomba hupata ufa hapo, au gasketi huanza kuvuja. Kipande kilichokatwa katika tairi kuukuu ni afadhali kuliko waya, ila ni cha kumfikisha mtu nyumbani tu.

Ufa huo u karibu na miguu ya dereva. Motokaa za zamani hazina chombo cha kusafishia moshi kama zilicho nacho za siku hizi, na moshi wake una kaboni monoksidi kwa wingi. Gesi hii haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu ipatayo mara 200 kuliko oksijeni. Dereva huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husinzia, naye hudhani ni uchovu wa safari. Watoto waliolala kiti cha nyuma hawatasema neno. Mzazi aonaye watoto wake wanaumwa kichwa kila wasafiripo, na kupona kila washukapo, asililaumu jua.

Kazi yenyewe yaweza kumalizwa kwa asubuhi moja. Bomba sharti liwe baridi kabisa, na motokaa ikae juu ya vigingi imara vya chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Nati zenye kutu zipakwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni iliyotangulia, kwa maana bolti ikatikayo ndani ya kishikio huila siku nzima. Kabla ya kufungua lolote, bomba litegemezwe kwa gogo ili uzito wake usining'inie kwenye kiungo cha injini.

Bushi ya zamani husukumwa nje kwa jiliwa. Tundu lisuguliwe mpaka kutu iishe, na bushi mpya ipakwe maji ya sabuni, ndipo itaingia. Grisi na oili huila raba ya asili. Mnunuzi naye awe macho. Bushi iliyokaa dukani tangu miaka ya 1970, ingawa ingali katika karatasi yake, si mpya, kwa kuwa raba huzeeka hata rafuni. Ikibonyezwa kwa ukucha na isibonyee, iachwe hapo hapo.

Nati zote zifungwe kwa vidole kwanza. Bomba likishajilaza lenyewe bila kuvutwa upande, wala kugusa sakafu au bomba la breki, ndipo spana itumike, kuanzia kwenye injini kuelekea nyuma. Afungaye vishikio kwanza hulipinda bomba, na bushi mpya hazitadumu.

Mwisho injini iwashwe, nje penye hewa, kamwe si ndani ya gereji. Mtu mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, na mwingine atege sikio upande wa mbele. Pakisikika mlio wa hewa ipenyayo, gasketi ya kiungo ibadilishwe kabla watoto hawajapanda.