Marambo imelipa, sasa ionyeshwe hesabu

Kila Januari mzazi wa Marambo, wilayani Nachingwea, hukabidhiwa fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza. Ada hakuna. Orodha ipo: sare jozi mbili, viatu vyeusi, madaftari makubwa, rimu ya karatasi, jembe na mpini wake, fagio, ndoo, na kwingine kiti na meza. Hapo bado hajaguswa kwenye mahindi na maharage ya chakula cha mchana, wala kwenye fedha ya kumlipa mwalimu wa hisabati anayejitolea. Na Januari ndiyo mwezi ambao shamba linadai palizi, fedha ya korosho imekwishamalizwa na madeni, na ufuta hautafika mnadani kabla ya katikati ya mwaka.

Serikali ilifanya vema kufuta ada. Lakini shule haijiendeshi kwa sababu ada imefutwa, na gazeti hili linasema bila kumung'unya maneno kwamba uendeshaji wa sekondari katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, umebeba kasoro ya tangu enzi za Mjerumani. Mkulima hutozwa kwanza, shule huja baadaye, na hesabu ya alichotoa hupelekwa kwa mtu mwingine.

Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa kibanda cha shamba. Asiyekuwa na rupia alitoa mazao au jasho lake. Shule za serikali zilizofunguliwa zama hizo zilikaa pwani: Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa makarani, wakalimani na watumishi wa utawala, watu ambao baadaye wangepanda bara kusimamia kodi hiyo hiyo. Kwa lugha nyingine, Mmwera wa Marambo alimsomesha mtoza kodi wake. Mwaka 1905 aliingia katika Vita ya Maji Maji, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikateketea kwa moto. Anayeshangaa hasira ile arudi kwenye hizo rupia 3.

Sekondari haikuwapo kabisa. Kitu kilichokaribia kilikuwa Chuo cha Kiungani huko Unguja, cha misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyofika Masasi mwaka 1876 ikiongozwa na Askofu Edward Steere pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Kijana wa kusini aliyeonekana ana kichwa chepesi aliteremka pwani, akapanda jahazi, akaenda huko. Kiungani ndiko alikopita Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, akaendelea hadi Canterbury, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo. Alishika kituo cha misheni cha Chitangali, nchi ya chifu Nakaam, kwa takriban miaka 10.

Nani alilipia? Upande mmoja ni waumini wa Uingereza waliotoa sadaka zao. Upande wa pili ni wanakijiji waliokata miti, wakaezeka nyasi na kumlisha mwalimu, kwa ridhaa ya machifu wao. Dola iliyokuwa inatoza kodi ilikaa pembeni. Hata kufikia 1914, serikali ya Kijerumani ilikuwa na shule zipatazo 100 nchi nzima, ilhali misheni zilikuwa na zaidi ya 1,800, nyingi zikiwa za kijiji na za mwalimu mmoja.

Hatuisifii misheni kupita kiasi. Shule yake ilikuwa mlango wa kanisa, na mzazi Mwislamu alikuwa na kila sababu ya kusita. Lakini tazama nani alipewa taarifa. Tangu 1883 UMCA ilichapa jarida lake, Central Africa, na mchangiaji aliyekaa Uingereza akasoma humo habari za kazi aliyoichangia. Aliyebeba miti begani hakuandikiwa kitu. Mtawala Mwingereza aliyemrithi Mjerumani naye, kwa sheria ya elimu ya 1927, alianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia kiwango cha wakaguzi wake. Shule nyingi za vichakani hazikukifikia, kwa hiyo fedha ikaishia kwenye vituo vikubwa. Kisha ukaja mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Nachingwea, Kongwa na Urambo, uliomeza karibu pauni milioni 36 kabla ya kuzikwa mwaka 1951. Nchi hiyo hiyo, Tanganyika, ilipopata uhuru miaka 10 baadaye, wanafunzi wote wa sekondari hawakufika 12,000.

Turudi kwenye leo, maana Mjerumani amekwishaondoka na kisingizio chake kimeondoka naye.

Sekondari zilikabidhiwa kwa halmashauri mwaka 2008. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ilipangwa serikali ifidie ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na itoe ruzuku ya 25,000 ambayo nusu yake hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu: kwa mpango huo, shule ya kutwa yenye wanafunzi 300 inapata shilingi 812,500 kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani, umeme, maji, mlinzi, dawa za maabara na kitasa kilichong'oka. Mkuu wa shule afanyeje? Anaweka rimu kwenye fomu. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango, na ikaelekezwa kwamba mwalimu asiguse fedha ya mzazi, anayetaka kuchangia aende kwa mkurugenzi. Agizo lilimlinda mzazi kwa msimu. Pengo la fedha halikuzibwa, kwa hivyo mchango ukarudi umevaa nguo ya kikao cha wazazi.

Madarasa, ni kweli, yamejengwa. Mradi wa SEQUIP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, umesimamisha sekondari mpya katika kata ambazo hazikuwa nayo. Mkopeshaji hupelekewa taarifa, kama ilivyo haki yake. Mkulima wa Marambo, atakayeulipa mkopo huo, anaona bango la mradi getini na basi.

Naye si mchangiaji mdogo. Korosho na ufuta wake hupita kwenye vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na chama kikuu cha RUNALI, na kabla fedha haijaingia benki imekwishapunguzwa. Ushuru wa mazao peke yake, uliokuwa asilimia 5, ulishushwa mwaka 2017 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na makato mengine huhesabiwa kilo kwa kilo. Ruangwa ina madini ya kinywe pia, na kampuni za madini zinadaiwa ushuru wa huduma na mchango kwa jamii. Ni kiasi gani cha hayo yote kilifika kwenye maabara ya sekondari ya kata? Mzazi aliyeketi kwenye kikao anaombwa debe la mahindi na mtu ambaye hajamjibu swali hilo.

Wapo watakaosema Ruangwa ilikuwa na bahati, kwa kuwa aliyekuwa mbunge wake, Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma, alikuwa Waziri Mkuu kwa takribani miaka 10 kuanzia Novemba 2015. Hoja hiyo haina uzito. Shule inayotegemea nani amepewa cheo Dodoma ni shule isiyo na bajeti, na binti wa kata ya mbali anayepanga chumba mtaani kwa kukosa bweni hawezi kusubiri jimbo lake lipate waziri.

Hukumu yetu, basi, haimlengi mkuu wa shule. Yeye ametwishwa kazi ya akida, yule mtoza kodi wa Mjerumani, bila mshahara wa akida. Wenye kosa ni wanaopanga kiwango cha ruzuku wakijua hakitoshi, na halmashauri zinazokusanya ushuru shambani bila kurudisha hesabu shambani. Serikali kuu ipandishe ruzuku hadi ifanane na bei za dukani. Wakurugenzi wa Nachingwea na Ruangwa wabandike kwenye ubao wa kila shule, kila muhula, kiasi kilichopokelewa kutoka Hazina, kilichotoka kwenye ushuru wa mazao na madini, na kilivyotumika. Madiwani wanapokaa kujadili bajeti ijayo, wasiinue mikono kuipitisha mpaka karatasi hiyo iwe mezani.