JALADA LAKO MWENYEWE

Karani hutunza majalada ya watu wote, lake mwenyewe akalisahau. Akifa, rambirambi hununua sanda. Matanga yakisha kuanuliwa, mjane huanza kuzunguka maofisini.

Ndugu wanachama, yatupasa kutengeneza mapema. Majina ya mke na watoto wote yawe katika jalada la kazini na la mfuko wa pensheni. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwekwe pamoja, mahali panapojulikana. Kwa wafuatao kanuni za mila za Tanganyika za mwaka 1963, wosia wa mtu ajuaye kusoma wataka angalau mashahidi wawili: mmoja wa ukoo, mmoja asiye wa ukoo. Na kifo kiandikishwe kwa Msajili katika siku 30.

Kuandika wosia si kuita mauti. Ni kuwahurumia wabakio.