Hijabu Haizamishi Mtu, Kutojua Kuogelea Ndiko Kunakozamisha



Mwanamke wa Kiislamu akisema anajiandaa na triathloni ndefu, swali la kwanza analoulizwa ni "Utavaa nini?" La pili, "Mumeo kasemaje?" La tatu, "Na sala je?" Sijasikia bado anayeuliza, "Hivi kuogelea unajua?" Leo nitasema bila kuzunguka: tumeshikilia maswali ambayo majibu yake yapo siku nyingi, na lile lenye roho za watu ndani yake tumeliacha.

Kwa asiyeujua mchezo huu: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia, yote siku moja na bila mapumziko. Ile ndefu kabisa ni kilomita 3.8 majini, 180 kwa baiskeli na 42.2 kwa miguu, na kawaida unapewa saa 17 kumaliza. Nusu yake ni 1.9, 90 na 21.1. Ilianzia kisiwani, Oahu huko Hawaii, Februari 1978, kwa wazo la John Collins na mkewe Judy. Walianza wanaume 15, wakamaliza 12. Mwaka uliofuata aliingia mwanamke mmoja tu, Lyn Lemaire, akamaliza wa tano kati ya wote. Na kwa karibu, Agosti 2022 ile nusu ilifanyika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Basi tusiambiwe kuwa haya ni mambo ya mbali.

Naandika kutoka Sumbawanga, nilikoletwa na kazi. Mji huu uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani akifika tu hujua: ukipanda kilima kidogo unahema kama umebeba gunia. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi inauma, na upepo wa Ufipa ukikupiga usoni juu ya baiskeli, kilomita kumi unaziona ishirini. Lakini watazame wanawake wa hapa. Wanakwenda shamba kwa miguu na kurudi, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Mahindi yanakwenda mashineni kwa baiskeli. Na masimulizi ya Wafipa yenyewe yanasema utawala wa Watwaki ulianza kwa wanawake watatu waliosafiri kutoka mbali hadi Milansi. Nchi hii haishangai mwanamke akienda mwendo mrefu.

Kwa hiyo mtu asiniambie mwili wa mwanamke wetu haumudu. Ukimchukua mama wa Ufipa aliyezoea jembe na vilima, ukampa mwaka mmoja wa mazoezi ya mpango, kukimbia na baiskeli atakuzidi. Wewe wa Unguja au Pemba unayepanda ngazi na ndoo za maji nawe una mwanzo. Kinachotukwamisha sote ni kile cha kwanza. Katika mashindano hayo marefu, usipotoka majini ndani ya saa 2 na dakika 20 unaondolewa. Baiskeli yako utaikuta palepale ulipoiegesha.

Mwanamke wa Sumbawanga ana udhuru. Ziwa Tanganyika liko chini kule Kasanga, mwendo wa kilomita zaidi ya mia kwa barabara, mita elfu moja hivi chini ya uwanda. Ziwa Rukwa liko bondeni upande wa pili, na lina mamba. Sisi wa visiwani udhuru wetu uko wapi? Maji yametuzunguka pande zote nne, na bado wengi wetu tunaingia mpaka magotini tu, tukishika gauni.

Wala sizungumzii michezo peke yake. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Hakuna nyumba ya Kizanzibari isiyojua mtu aliyeguswa. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Chombo kisizidishiwe abiria, majaketi ya kuokolea yawepo, na wenye dhamana wawajibike. Hilo halina mjadala. Lakini anayejua kuelea anapata dakika za kungojea msaada, na asiyejua hazipati. Hizo dakika tunawanyima binti zetu kwa makusudi.

Watazameni na mama zetu wa mwani kule Paje na Jambiani. Wakulima wa mwani Zanzibar wengi wao ni wanawake. Ule mwani wenye bei nzuri, kotonii, umekuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu yanapata joto, na unastawi zaidi kwenye kina kirefu. Mwenye kuogelea na mwenye chombo ndiye anayefika huko. Mama aliyekatazwa maji tangu utotoni anabaki na ule wa bei ya chini. Haya ni riziki, dada zangu, si anasa.

Sasa tuje kwenye dini, maana hapo ndipo mnapopenda kutufungia mlango.

Bibi Aisha, Allah amridhie, alishindana mbio na Mtume, rehma na amani zimshukie, akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena na Mtume akamshinda yeye, akamwambia kuwa hii ni badala ya ile. Hadithi hii iko kwa Abu Dawud. Tunaisoma kwenye mihadhara ya ndoa kuonesha mapenzi ya mume kwa mkewe, tunatabasamu, kisha tunarudi kumkataza msichana kukimbia. Kuhusu kuogelea, kuna kauli maarufu inayonasibishwa na Sayyidna Umar ya kuhimiza watoto wafundishwe. Tumeipokea, tukaifanya ya wavulana peke yao. Nani aliyetupa ruhusa hiyo? Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria, na nafsi ya msichana ni nafsi.

Stara? Vazi la kuogelea la stara lipo tangu 2004, alipolibuni Aheda Zanetti kule Australia, na mafundi wetu wa cherehani wanaweza kushona linalofanana nalo. Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana wetu kuogelea, wakiwa wamejistiri, wanaelea kwa madumu ya plastiki, na walimu wao ni wanawake. Hawakungoja bwawa la kifahari.

Sala? Hesabu rahisi. Ile nusu ukianza saa 1 asubuhi, muda ukiisha ni saa 9 na nusu mchana. Adhuhuri imo ndani. Mswala unakaa kwenye mfuko wako pale unapobadilisha viatu. Ile ndefu ina sala zaidi, na msafiri ana ruhusa zake. Muulize shekhe wako mapema, uzipange kama unavyopanga maji ya kunywa. Mume na mahram? Safari ipangwe pamoja naye, gharama ziwekwe wazi, na zamu za watoto zijulikane. Mwanamme anayekwenda Bara kutazama mpira siku tatu hukuti anaulizwa nani atawapikia wanawe.

Hofu moja naiheshimu: macho ya watu na simu zao za picha. Hiyo ni kweli, na dawa yake ni kutengeneza saa za wanawake, si kutuzuia kuingia majini. Wenye mahoteli yenye mabwawa, toeni asubuhi mbili kwa wiki, mwalimu mwanamke, geti lifungwe. Kamati za madrasa, siku mnazowapeleka wavulana pwani wapelekeni na wasichana, kwa wakati wao na sehemu yao. Akina mama, kabla ya kununua mapazia mapya ya Idi, mlipieni binti mwezi mmoja wa mafunzo.

Na wewe unayeitamani triathloni, anza na maji. Jifunze kuelea, kisha kupumua, kisha mita 25 bila kushika kitu, na daima uwe na mtu anayejua. Muone daktari ukiwa na presha, sukari au mimba. Baiskeli ya kwanza iwe yoyote yenye breki nzima, na kofia ngumu usiache. Mbio zitakuja. Mwaka mzima uupe mwili wako kabla ya nusu, na zaidi kabla ya ile ndefu.

Wengine hamtashindana kamwe, na hakuna ubaya. Lakini asipande boti mtoto wa kike wa kisiwani, mwenye miaka kumi na afya njema, hajui kuelea, kisha tuseme ni kwa ajili ya haya. Haya ni katika imani. Kumwacha mtoto azame haimo.

Allah atupe nguvu, stara na hifadhi yake, nchi kavu na majini. Wabillahi tawfiq.