Mapenzi na Upelelezi mbele ya Msomaji wa Garissa: Hoja dhidi ya Dharau ya Wahakiki

Imekuwa desturi katika idara za fasihi za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kuigawa riwaya katika mafungu mawili: riwaya dhati, ambayo hufundishwa na kutahiniwa, na riwaya pendwa, ambayo hutajwa kwa kejeli kisha ikaachwa. Riwaya ya mapenzi na riwaya ya upelelezi zimetiwa katika fungu la pili bila ya kusikilizwa. Shtaka ni kwamba huburudisha pasipo kufunza, hurudia ruwaza ile ile, na humlewesha msomaji asiyaone matatizo ya jamii yake. Makala haya yanadai kwamba shtaka hilo halina msingi wa kihakiki, na kwamba udhaifu wake hudhihirika linapopimwa kwa msomaji aliye mbali na kumbi za mihadhara: msomaji wa Garissa na wa Kaskazini Mashariki ya Kenya kwa jumla.

Mwaka 1996 Huduma za Maktaba ya Taifa ya Kenya zilianzisha mjini Garissa maktaba inayosafirishwa kwa ngamia. Wanyama hao hubeba masanduku ya vitabu, hema na mikeka hadi kwenye makazi ya wafugaji, ambako gari hufika kwa taabu. Mpango huo umesifiwa duniani kote, na unastahili. Hata hivyo, sifa nyingi zimemwendea ngamia, si msomaji. Huulizwa ni vitabu vingapi vimefika. Ni nadra kuulizwa aliyevisoma ameonaje. Msomaji huyo huchukuliwa kuwa chombo kitupu kinachongoja kujazwa, na kwa kuwa ni kitupu, huaminiwa kwamba kitabu cha kiada ndicho haki yake na hadithi ni anasa. Imani hiyo na dharau ya mhakiki kwa riwaya pendwa ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili humwamulia msomaji kinachomfaa kabla hajafungua mdomo.

Wasomali, ambao ndio wengi wa wakazi wa eneo hilo, hawakumngoja ngamia wa maktaba ili wawe na maoni juu ya kisa cha mapenzi. Elmi Boodhari, mshairi wa Berbera, angali anakumbukwa kuwa mtu aliyeuawa na mahaba, na tungo zake juu ya Hodan zimevuka mipaka ya dola zote zinazokaliwa na Wasomali. Tena, mwandiko rasmi wa Kisomali ulipopitishwa mwaka 1972, miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa kuchapishwa kwa mwandiko huo ilikuwa ya mapenzi: Aqoondarro waa u nacab jacayl ya Faarax M. J. Cawl (1974), yaani ujinga ni adui wa mapenzi. Kisa chake ni cha zama za vita vya Madarwishi. Cawrala anamwandikia Calimaax barua ya mapenzi. Calimaax ni shujaa, lakini hajui kusoma. Inambidi amtafute mtu wa kumsomea, na siri iliyokusudiwa mtu mmoja inaingia masikioni mwa wengine. Kutoka hapo mambo yanakwenda mrama.

Na aseme mhakiki: katika riwaya hiyo burudani imeishia wapi na mafunzo yameanzia wapi? Hakuna risala ya kampeni ya kisomo inayoweza kuushinda msuko huo kwa nguvu, kwa sababu hasara ya kutojua kusoma haikuelezwa. Imetendeka, na imempata mtu ambaye msomaji amekwisha kumpenda. Hapa ndipo kipimo cha haki cha riwaya ya mapenzi kinapopatikana. Kila riwaya ya aina hii ina kizuizi baina ya wapendanao. Iwapo kizuizi hicho kimebandikwa ili kurasa ziongezeke, riwaya ni chapwa. Iwapo kimechipuka katika ukoo, mahari, dini, elimu au sheria ya jamii inayosawiriwa, basi mapenzi yamekuwa njia ya kuichunguza jamii hiyo, na jina la riwaya dhati haliwezi kunyimwa kwa sababu tu msomaji alishindwa kukiweka kitabu chini.

Riwaya ya upelelezi nayo imeonewa vivyo hivyo. Juu ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, imekaririwa mno kwamba Bwana Msa na kiko chake ni Sherlock Holmes wa Unguja, na kwamba Najum ni Watson. Ufanano huo upo. Lakini uhakiki unaoishia kwenye kiko haujaisoma riwaya. Maiti inakutwa mahali pa mizimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa analikataa jibu hilo. Anashikilia kwamba mtu ameuawa na mtu, na kwamba sababu itapatikana ndani ya siri za walio hai.

Ukataaji wa namna hiyo si mchezo wa wavivu katika Kaskazini Mashariki. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa matendo yaliyofanyika huko na katika wilaya jirani kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Mwezi Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57, ilhali manusura wametaja hesabu kubwa zaidi kwa mbali. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika shambulio la Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, na ulimwengu uliijua takwimu kabla ya kuyajua majina. Mahali kama hapo, utanzu unaoshikilia kwamba kila maiti ana jina, ana aliyemuua, na anadai jibu, una uzito ambao mhakiki wa mjini hajauwazia.

Hayo yasifasiriwe kuwa kila riwaya pendwa ni njema. Zipo ambamo maiti huanguka ukurasa baada ya ukurasa bila ya yeyote kuliliwa, na zipo ambamo mwanamke hupendwa bila ya kupewa neno la kusema. Hata riwaya yenye nia njema yaweza kukosea. The Camel Bookmobile ya Masha Hamilton (2007) imejengwa juu ya maktaba ya ngamia yenyewe. Mkutubi Mmarekani anakuja Kenya. Kanuni ni kwamba kitabu kisiporudishwa, msafara hautafika tena kijijini. Kijana mmoja harudishi. Mna mapenzi, mna fumbo, na swali la nani humiliki kitabu kilichompenya mtu ni swali zito. Wanakijiji wamepewa sauti, lakini kipimo cha yote kinabaki kuwa hatima ya mradi wa wageni. Msomaji wa jangwani anachunguzwa kwa sababu hakurudisha kitabu. Alichokiona ndani yake kinabaki pembeni. Kasoro hiyo haitokani na utanzu, inatokana na mahali mtunzi alipoketi.

Kwa hiyo kazi ya idara za fasihi iko wazi. Aqoondarro na Mzimu wa Watu wa Kale ziwekwe katika kozi moja na kupimwa kwa vigezo vya fani na maudhui vinavyotumiwa kwa riwaya nyingine yoyote. Wanafunzi wa uzamili wapelekwe Garissa, Wajir na Mandera kukusanya hukumu za wasomaji juu ya visa vya mapenzi na vya upelelezi, si idadi ya vitabu vilivyoazimwa. Na wanaochagua vitabu vya kutiwa masandukuni waache kuitoa hadithi kwa kisingizio cha mtihani. Mpaka hayo yatendeke, mhakiki anayelia kwamba watu hawasomi atakuwa analalamikia wasomaji ambao yeye mwenyewe amekataa kuwasikiliza.