SGR Ni Fiti, Lakini Mbona Makueni Bado Wanaipenda Treni ya Kizee?

Wasee, tuseme ukweli: treni ya zamani ya Nairobi–Mombasa ilikuwa inajikokota. Unapanda jioni, unalala humo, na siku mbaya saa sita ya mchana inakupata bado hujaona bahari. Lakini tajia wazee wa Sultan Hamud au Makindu hiyo treni, uone vile stori zitaanza.

Waingereza walianza kujenga hiyo reli Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899. Miji mingi ya Makueni unayoijua barabarani ilikua kwa sababu yake. Jina Sultan Hamud ni la Sultani wa Zanzibar wa enzi hizo. Pale Makindu, Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu 1926, na mpaka leo ukiingia na njaa unapewa msosi wa bure, dini yako haiulizwi.

Halafu kuna Kima. Mwaka 1900, afisa wa polisi Charles Ryall alikaa ndani ya behewa usiku akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Usingizi ukambeba. Simba akaingia na kumuua. Hilo behewa bado lipo, lakini halipo Kima. Liko Nairobi, kwa makumbusho ya reli.

Sasa, ukidhani watu wanapenda treni kuukuu juu ya honi na mbao za zamani, umekosea. Walipenda kwa sababu ilikuwa inasimama. Kima, Sultan Hamud, Emali, Simba, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei: treni ikisimama, mama anauza kitu dirishani, doo inaingia.

Juni 2017 Madaraka Express ikaanza kubeba abiria. Kilomita 120 kwa saa, Mombasa ni kama masaa tano. Noma sana. Lakini hata ile ya kusimama njiani, Makueni ina stesheni tatu tu: Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Makindu inaipungia mkono.

Tusiwe wabaya pia. Kitui reli haijawahi kupita, ya kizee wala mpya. Mtu wa Ikutha au Mutomo leo anashuka na lami mpaka Kibwezi, anapanda SGR. Kwake hiyo ni maendeleo, na hana treni ya zamani ya kulilia.

Shida ni hii: Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu juu watu walikuwa wanang'oa nyaya za stima, hadi vyuma vya reli. Marufuku iliisha miezi michache baadaye. Kwa hivyo historia ya Makueni iko na njia mbili: iuzwe kwa kilo, ama itunzwe hapo hapo ilipo. Stesheni moja tu ya zamani, iwe Kima ama Makindu, ikiwekwa picha na stori za waliofanya kazi hapo, msafiri wa Mombasa Road atakuwa na sababu ya kusimama.

Na akisimama, mama atauza tena. Hiyo ndiyo treni ya kizee ilikuwa inafanya.